Mbao Sita za Fundi Wekesa

Nakuru, Jumapili, saa tisa na robo alasiri

Hamisi mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Uko upande wa pili wa pazia unapiga pasi shati la tatu, na kila ukimaliza mkono mmoja unapiga mluzi. Mimi niko mezani, na wewe unadhani naandika daftari langu kama kawaida: mvua ilinyesha kiasi gani, lori lipi lilikuja, nani alinunua nini. Leo siandiki daftarini. Nimechana karatasi katikati ya daftari, kitu ambacho hujawahi kuniona nikifanya, kwa sababu haya ni yako.

Geti la yadi hii ya mbao limefungwa kwa nje tangu jana jioni, kama kila Jumapili. Mlinzi atakuja saa kumi na mbili jioni, na tukitaka kutoka kabla ya hapo lazima nimpigie Bosi simu na kueleza tunakwenda wapi. Kesho alfajiri litafunguliwa, nawe utatoka na begi lako na ule ubao niliouegemeza nyuma ya mlango tangu jana. Umeniuliza mara mbili ni wa nini. Nimeufunga kwa gunia, na ndani ya gunia nitatia kopo la majani ya chai na barua hii juu yake. Kesho, gari likishaondoka, nitakupigia simu nikuambie uitoe. Isome kabla hujafika Naivasha. Ukishaingia kwa Fundi Wekesa itakuwa umechelewa.

Mambo ya blanketi, chumvi na kuamka mapema sitayaandika. Una miaka ishirini na moja, na umejipikia tangu ukiwa darasa la tano, siku ambazo Bosi alinichelewesha kwenye hesabu.

Siku kumi zilizopita ulirudi kutoka Naivasha ukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, ukaingia bila kuvua viatu.

"Mathe, nimepata! Fundi amenichukua!"

Nikakuuliza fundi gani. Ukasema Wekesa, mwenye karakana nyuma ya soko, anayetengeneza meza na milango ya mbao ngumu. Nilikuwa nakaanga vitunguu.

"Na anakujua, Mama! Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia mama yangu anapima mbao Nakuru, wanamwita Mama Chaki. Akaweka randa chini, halafu akacheka. Amesema nikusalimie sana. Amesema nikuulize kama ile tepu bado iko."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia Mama hakosi tepu. Si ni utani wa mafundi?"

Nikasema ndiyo, ni utani wa mafundi. Vitunguu viliungua, ukavila bila kulalamika. Daftari la siku hiyo linasema hivi: "Alhamisi. Hamisi amepata kazi. Vitunguu viliungua." Tangu hapo nimekuwa nikikuangalia ukipanga nguo zako, na kila siku nasema nitamwambia leo. Nimeshindwa kusema kwa mdomo. Kwa kalamu najiamini zaidi.

Nilipoajiriwa hapa baba yako alikuwa na miezi minne kaburini na wewe ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa na cheti cha Form Four na hesabu nzuri, basi. Bosi alinipa tepu, chaki na chumba hiki. Alisema, "Mama, kazi na chumba ni ufunguo mmoja. Ukirudisha kimoja umerudisha vyote." Niliona ni maneno ya kawaida ya tajiri kwa mfanyakazi. Nilikuwa nikilala kwa dada yangu Gilgil kwenye sakafu. Chumba chenye kufuli kilikuwa kitu kikubwa.

Hesabu ya mbao ngumu nilijifunza kwa siku moja, na wewe nilikufundisha kabla hujaijua vizuri hesabu ya mara ya shuleni. Unene kwa inchi, mara upana kwa inchi, mara urefu kwa futi, gawanya kwa kumi na mbili. Ubao wa inchi mbili kwa kumi kwa futi kumi na mbili ni futi ishirini za mbao. Ulikuwa ukiimba hivyo ukiruka kamba kati ya marundo.

Kilichonichukua muda ni mahali pa kuweka tepu. Mvule huja kwetu bila kunyooshwa kingo. Mti ni mnene chini na mwembamba juu, na ubao hufuata mti wake, kwa hiyo ubao mmoja waweza kuwa inchi kumi mwisho mmoja na tisa mwisho mwingine. Wiki yangu ya kwanza nilipima mwisho mwembamba, kwa sababu huo ndio upana ambao fundi ana hakika ya kuupata. Bosi alisimama nyuma yangu akaangalia mbao nne, kisha akasema, "Mama Hamisi, unauza mbao au unagawa sadaka?"

Vijana wa kupakia wakacheka.

"Sikiza," akasema. "Ukinunua kwa watu wa lori, pima juu ya mti. Ukiuza, pima chini ya mti. Si ni ubao uleule? Hakuna aliyedanganya mtu."

Jioni ile niliandika maneno yake daftarini, nikayapigia mstari kama kanuni ya kazi. Nimeusoma leo ukurasa huo. Mstari umenyooka, nilitumia rula.

Hata hivyo kwa miaka ya mwanzo nilitafuta njia ya katikati. Fundi akija mwenyewe nilimwambia kwa sauti ya chini, "Ongeza ubao mmoja," na wengi walielewa. Ndiyo maana walinipenda. Jina la Mama Chaki walinipa wao. Walikuwa wakipiga simu kutoka Gilgil, Molo hadi Mau Narok, wananunua bila kuja, wakisema nipimie wewe mwenyewe. Bosi aliliona hilo mapema kuliko mimi. Alijua kwamba chaki yangu inauza.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, na nakuomba usiruke mstari.

Ilikuwa likizo ya Agosti, ukiwa darasa la tatu. Fundi Wekesa alipiga simu asubuhi. Wakati huo alikuwa kijana, ana mashine yake mwenyewe ya randa aliyoinunua kwa kujibana, na alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kuchekeshwa.

"Mama Chaki, nimeangukia kazi! Hoteli moja kando ya ziwa inataka meza ya watu ishirini. Nataka mvule, mbao sita, mbili kwa kumi kwa kumi na mbili. Nikinyoosha kingo zinipe tisa safi kila moja. Tisa mara sita ni hamsini na nne, ndiyo ile futi nne na nusu yao. Siwezi kuja, nimebanwa. Pikapu inakuja. Nipimie wewe mwenyewe, si hao vijana wako."

"Nitapima mwenyewe, Fundi."

"Basi mimi nishalala usingizi."

Mvua ilikuwa ikinyesha. Pikapu ilipofika nilitaka kufungua rundo la nyuma, lenye mbao zilizonyooka. Bosi alikuwa amekaa barazani na chai yake. Akasema, "Mpe za juu hapo mbele." Za mbele zilikuwa zimekaa miezi bila mnunuzi kwa sababu kila fundi aliyekuja aliziona zinavyopungua kuelekea mwisho. Huyu hakuwa amekuja.

Vijana walikuwa wakishusha lori lingine, kwa hiyo nilikuita wewe unishikie tepu. Uliweka ncha kwenye mwisho wa ubao uliokuwa karibu nawe, ukasoma kwa sauti, "Tisa!"

Nikakuambia uje huku nilipo mimi.

"Huku ni kumi," ukasema. "Lakini Mama, kule ni tisa."

"Soma hapa."

"Hapa ni kumi, kule ni tisa. Unaandika ipi?"

Bosi aliweka kikombe chini. "Mtoto anasemaje?"

Nikasema, "Anasema kumi, Mzee." Kisha nikakugeukia. "Ngapi?"

Hamisi, uliangalia tepu. Halafu uliinua macho ukaniangalia mimi usoni, ukakaa hapo kidogo, kama unavyoangalia ubao wa darasani kutafuta jibu. Ukasema, "Kumi."

Nikaandika 10 kwa chaki. Kwa ubao wa pili ulisema kumi hata kabla sijalaza tepu. Na wa tatu, na wa nne, hadi wa sita. Bosi alifurahi, akakupa shilingi ishirini. Ulinunua mandazi mawili ukaniletea moja, nami nililila.

Daftari linasema: "Jumatano. Mvua. Mvule sita za Fundi Wekesa, 2 kwa 10 kwa 12. Hamisi alinisaidia. Kipimo sawa." Nina madaftari kumi na nane kwenye sanduku chini ya kitanda, na nimekuambia mara nyingi kwamba humo hamna uongo, ukitaka kunijua nikishakufa soma hayo. Hayo maneno mawili ya mwisho ni uongo. Niliyaandika nikiwa peke yangu, hakuna mtu aliyesimama nyuma yangu. Mpaka leo sijui nilikuwa namdanganya nani.

Wiki iliyofuata Fundi Wekesa alikuja mwenyewe, na ubao mmoja juu ya pikapu ya kukodi. Aliubeba begani hadi mezani kwangu akauweka taratibu. Alikuwa ameshanyoosha kingo. Ubao unaopungua, Hamisi, ukiunyoosha unakubali upana wa mwisho wake mwembamba, na randa nayo inataka fungu lake. Alitarajia inchi tisa. Alipata nane. Nane mara sita ni arobaini na nane. Meza ya futi nne na nusu ilikuwa imekuwa ya futi nne.

"Mama Chaki," alisema, "sitaki pesa na sitaki kelele. Ninyi mmeniuzia kumi. Nipe ubao mmoja tu niifunge hii meza. Wenye hoteli wanakuja Ijumaa."

Bosi alitoka ofisini. Hakumwangalia Fundi hata kidogo, aliniangalia mimi.

"Mama Hamisi, kipimo ni chako?"

"Ni changu, Mzee."

"Ni sawa au si sawa?"

Fundi hakunitisha. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja jirani amfungulie mlango. Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi nyuma ya Bosi, na nikaona viatu vyako vya shule nilivyovianika dirishani. Nikasema, "Ni sawa."

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini niliongeza, na hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Labda ni tepu yako, Fundi. Labda imevutika."

Vijana wa kupakia wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Fundi, nunua tepu, wacha kupima na raba ya suruali!"

Fundi Wekesa aliangalia tepu yake mkononi. Akaikunja taratibu mpaka ikaingia yote, akaiweka juu ya meza yangu. "Basi kaa nayo, Mama," alisema. "Ya kunidanganya mimi sina haja nayo." Akabeba ubao wake akaenda.

Baadaye nilisikia kwa madereva kwamba wenye hoteli waliikataa meza. Aliuza ile mashine ya randa ili kurudisha dipoziti yao, akaenda kufanya kazi chini ya mafundi wengine. Karakana yake ya sasa ameifungua si zamani. Mafundi hawakunisema popote nilipoweza kusikia. Walianza tu kuja na tepu zao. Uliwahi kuniuliza kwa nini kila mteja siku hizi anapima tena nyuma yangu, nikakujibu kwamba dunia imeendelea.

Simu za kusema nipimie wewe mwenyewe zilikoma mwaka ule ule.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka. Nimejiuliza kwa maandishi mara nyingi, na jibu langu daftarini ni lile lile kila mara: "Kwa ajili ya Hamisi." Karo ya Hamisi. Kitanda cha Hamisi. Hamisi akimaliza darasa la nane, Hamisi akimaliza Form Four. Ulimaliza Form Four, nami nikaandika, "Hamisi akipata kazi." Juzi nilihesabu nimeandika sentensi hiyo mara ngapi nikaacha njiani, kwa aibu. Nilikuwa nakutumia wewe kama kabari ya kuzuia mlango. Chumba kilikuwa na hitaji la kweli, sikatai. Lakini ziko siku dada yangu Gilgil aliniambia, "Njoo, tutabanana," na hitaji halikuwa wewe. Nilikuwa nimezoea. Saa kumi na mbili geti likilia kwa kufungwa, mwili wangu ulikuwa unalegea kama wa mtu aliyefika nyumbani. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko Bosi.

Kwa hiyo usiniweke mimi mahali nilipokuweka wewe. Bosi ameniambia tangu mwezi uliopita, macho yangu yakichoka kazi ya kupima ni yako. "Akishindwa huko nje, tepu yake iko hapa." Alisema kwa wema, hata aliagiza soda. Ukijikuta unafikiria kurudi kwa sababu Mama yuko peke yake ndani ya geti, fikiria tena. Mimi nilijiingiza.

Kuhusu mbao zenyewe, mengi unayajua. Nitaandika yale niliyoyajua na sikuyatumia.

Pima mwisho mwembamba, na ule ukingo mweupe ulio chini ya gome usiuhesabu, hata muuzaji akikuapia kwamba ni mbao pia. Wadudu wanaupenda huo kuliko wateja. Angalia nyufa za ncha, na urefu uanze pale ufa unapokwisha. Ubao mbichi utapungua upana ukikauka, kwa hiyo wa kumi leo hutakuwa nao mwaka kesho. Unene pima sehemu tatu, maana msumeno wa porini hauna adabu. Na mteja akikuuliza meza itakula mbao kiasi gani, mwambie ukweli wa randa na makombo kabla hujamwambia bei, hata kama bei itamfanya akune kichwa. Mimi nimeuza mbao za bei rahisi ambazo nusu yake iliishia kwenye moto wa chai. Waliozinunua walidhani wamepata. Ubao una bei ya kile kitakachobaki mezani, basi.

Najua unacheka kwamba hata nikikiri makosa naandika vipimo. Ndivyo nilivyo.

Sasa ubao huu. Katika zile mbao sita tulimlipisha Fundi futi mia na ishirini, na tukampa mia na nane. Pungufu ni kumi na mbili. Nilitaka kumnunulia ubao mmoja wa futi kumi na mbili kwa urefu, lakini hautakaa vizuri juu ya gari na humu ndani hauingii. Nikachagua wa inchi mbili, upana tisa, urefu futi nane. Ukizidisha na kugawanya utapata kumi na mbili kamili. Ni mvule uliokauka, umelala rundo la nyuma zaidi ya miaka miwili, na hauna ufa.

Jana saa tano niliuvuta mwenyewe hadi mezani, nikamwita Bosi, kwa sababu sikutaka kujiuzia.

"Mama Hamisi leo ni mteja!" akasema. "Unajenga wapi na huna hata ploti?"

"Leo ni mteja, Mzee."

Akachukua tepu. Na unajua alikoiweka? Mwisho mpana. "Kumi," akasema.

"Huku ni tisa, Mzee."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nani alikufundisha kupima huko?"

"Wewe, Mzee. Tukinunua."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi siku utakayoniuzia mimi tutapima huko!" Kisha akapiga hesabu: mbili mara kumi mara nane, gawanya kwa kumi na mbili. "Kumi na tatu na theluthi. Tuseme kumi na nne, tusihangaike na theluthi."

Nililipa za kumi na nne kwa pesa zangu za chama cha akiba. Vijana walicheka, nami nikacheka nao kidogo, kwa sababu miaka kumi na minane nimekuwa upande wa pili wa meza ile na sikuwahi kujua mteja anavyojisikia. Ni kama kuambiwa usichokiona kipo. Nilikumbuka macho yako juu ya ubao wa kwanza.

Sikumwambia Bosi ubao unakwenda kwa nani. Fundi Wekesa akitaka kuja hapa na kunisema mbele ya watu, ana haki, na safari hii nikiulizwa ni sawa au si sawa nitajibu. Najua ufunguo mmoja maana yake nini. Siku nitakayojibu nitakuwa nje na sanduku la madaftari, na labda dada yangu Gilgil bado ana nafasi sakafuni. Lakini sitakudanganya kwamba kesho nitaenda kujibu bila kuulizwa. Kesho saa mbili nitakuwa mezani kwangu na chaki. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikijaribu kuifanya iwe ya mtu jasiri zaidi, na imekataa.

Futi kumi na mbili hazirudishi mashine ya randa. Hazirudishi miaka aliyopiga randa ya watu wengine. Asidhani nadhani hivyo. Ni zile tu ninazoweza kuzipima.

Huenda amekuchukua kwa wema, kwamba mtoto hana kosa. Huenda amekuchukua ili siku moja akuambie mbele ya wenzako mama yako ni nani. Sijui, na nimekesha juu ya hilo. Ndiyo maana nataka uingie ukiwa unajua yote, usiwe unacheka utani ambao si utani. Kama ukimaliza kusoma utaona heri ushuke Gilgil kwa dada yangu na kutafuta kazi nyingine, shuka. Ubao atapelekewa na dereva, nimeshauliza bei. Na kama utanikasirikia, kasirika. Nilikuomba usome kumi penye tisa, ukakubali kwa sababu ulinipenda. Sijawahi kukuomba radhi. Naomba sasa.

Pasi imezimwa. Nasikia unakunja mashati, na mluzi umeacha, nadhani unanisikiliza ninavyogeuza karatasi. Nitaandika upesi.

Ukiamua kwenda, usianze na salamu zangu. Mpe kopo kwanza. Ndani mna tepu yake. Nimeifuta kutu kwa mafuta kila mwaka, bila kujua naifutia nini, na inavutika vizuri tu, haikuwahi kuwa na kasoro. Kisha fungua gunia, laza ubao chini, umwambie Mama amesema apime mwenyewe, mwisho mwembamba. Mimi nimeshaupima mara nne, lakini usimwambie nilipata ngapi.

Akikwambia umshikie ncha, shika. Na akikuuliza inasoma ngapi, usinitafute usoni. Sitakuwepo. Angalia tepu, usome.

Mama yako